Ulize Kwanza Kabla ya Kuhukumu
Somo juu ya kumwona na kumwelewa mwenzetu

Ndugu walimu wa dini, nanyi wazazi mnaosoma gazeti hili pamoja na watoto wenu,

Somo letu la leo lahusu amri ya nane ya Mungu. Tumezoea kuwafundisha watoto ya kuwa amri hiyo yakataza uwongo wa kinywa. Hayo ni kweli. Lakini uko uwongo mwingine ambao haupiti kinywani kwanza. Huanza machoni na kukaa moyoni. Ndio uwongo tunaojiambia sisi wenyewe juu ya mtu mwingine. Twaona kidogo, twajaza yaliyobaki kwa mawazo yetu, kisha twasema, "Huyu namjua." Mimi mwenyewe nimefanya hivyo, tena ndani ya darasa. Basi nianze kwa kuungama kosa langu.

I. JAMBO LILILOTUKIA

Wakati watu wa eneo la Manono walipokuwa wakirudi vijijini baada ya vita kati ya Waluba na Watwa, nilipokea darasani mtoto mmoja wa Kitwa, mwenye umri wa miaka kumi hivi. Kila nilipomwuliza swali, hakunitazama. Aligeuza uso wake kuelekea dirisha, akanyamaza. Mara nyingine alijibu neno lisilohusiana na swali, na wenzake wakacheka. Nikamwonya mara ya kwanza, nikamwonya mara ya pili. Mara ya tatu nikamtoa nje mbele ya wote.

Moyoni nilikuwa nimekwisha kata shauri: mtoto huyu ana kiburi, amefundishwa nyumbani kumdharau mwalimu kwa sababu mwalimu ni Mluba. Wakatokea na watu wa kuniambia, "Ndivyo walivyo Watwa." Niliwasikiliza kwa furaha, kwa kuwa walisema lile nililokwisha kuliamini.

Mtoto hakurudi tena. Wiki tatu zikapita. Ndipo bibi yake alipokuja kunitafuta. Alipiga magoti, akapiga makofi kwa adabu, akaniamkia, "Wakomapo." Nami nikajibu, "Eyo vidye," kwa midomo tu, huku nikingoja maneno ya ugomvi. Lakini yeye akasema kwa upole, "Mwalimu, nimekuja kuuliza mtoto amekosa nini. Yeye mwenyewe hajui."

Nikamweleza habari ya kugeuza uso. Yule mama mzee akakaa kimya kitambo, kisha akasema, "Mwalimu, sikio lake la kushoto limekufa. Lilitoka usaha tangu alipokuwa mdogo. Anageuza uso ili akupe sikio lililo zima."

Ndugu wasomaji, fikirini aibu yangu. Jambo lile nililoliita dharau lilikuwa bidii ya kunisikia. Na katika muda wote ule sikuwa nimemwuliza mtoto neno moja tu: "Mwanangu, kwa nini unageuza uso?"

II. JINSI TUNAVYOMWONA MWENZETU

Yafaa tuchunguze kosa kama hilo hutokeaje, maana asiyejua njia ya ugonjwa hawezi kuukinga. Kati ya kumwona mtu na kumtendea jambo, mna hatua nne.

Hatua ya kwanza, twapokea alama. Mwenzetu hawezi kutuonyesha moyo wake kama mtu aonyeshavyo kiganja cha mkono. Hutuonyesha alama tu: sauti, macho, mwendo, mavazi, maneno, hata kimya.

Hatua ya pili, twachagua. Alama ni nyingi mno, nasi twashika chache. Mimi nilishika uso uliogeuka. Sikushika ya kwamba mtoto yule aliwahi kufika kila asubuhi, wala ya kwamba alinakili maneno yote ya ubaoni bila kosa. Mambo hayo mawili yalikuwa mbele ya macho yangu, nami nikayaacha.

Hatua ya tatu, twatia maana. Hapa ndipo penye hatari. Alama ilikuwa ya mtoto, lakini maana ilikuwa yangu. Niliitoa wapi? Katika hofu za vita, katika maneno ya mitaani, na katika kiburi changu mwenyewe cha mwalimu.

Hatua ya nne, twatenda. Naye tunayemtendea hujibu matendo yetu. Mtoto aliyefukuzwa hukasirika au hukimbia, nasi twasema, "Mwaona? Nilijua tangu mwanzo." Hivyo kosa letu hujizalia ushahidi wake lenyewe.

Wataalamu wa elimu ya nafsi wamelichunguza jambo hili. Mwaka 1946 mtaalamu Solomon Asch, huko Marekani, alitangaza majaribio aliyoyafanya. Aliwapa watu orodha ya sifa za mtu wasiyemjua: ana akili, ana bidii, ni mwangalifu, na mengineyo. Katika kundi moja aliongeza neno la kusema ya kuwa mtu huyo ni mkunjufu. Katika kundi jingine aliongeza ya kuwa ni mtu baridi. Sifa nyingine zote zilikuwa zile zile. Walakini makundi hayo mawili yalimweleza mtu huyo kwa namna mbalimbali sana: wa kwanza walimwona kuwa mkarimu na mwema, na wa pili hawakumwona hivyo. Neno moja lilitia rangi mengine yote. Basi tujiulize: mtu anaposikia neno "Mtwa" au neno "Mluba" kabla ya kumwona mwenyewe, neno hilo latia rangi gani?

Mtaalamu mwingine, Lee Ross, aliandika mwaka 1977 juu ya kosa ambalo wanadamu hulifanya mara nyingi. Mwenzetu akikosa, twasema sababu ni tabia yake. Mambo yaliyomzunguka, kama njaa, ugonjwa, hofu au safari ndefu, twayasahau. Lakini sisi wenyewe tukikosa, mara nyingi twakumbuka upesi mambo yote yaliyotuzunguka. Mwalimu akichelewa, mvua ilinyesha. Mtoto akichelewa, ni mvivu. Nani kati yetu hajasema hivyo?

III. MAFUNDISHO YA MAANDIKO MATAKATIFU

Biblia haifichi makosa ya namna hii, hata ya watu wakubwa. Katika Kitabu cha Kwanza cha Samweli, sura ya 1, twasoma habari za Anna, mwanamke asiyekuwa na mtoto. Alisali hekaluni kwa uchungu, midomo yake ikichezacheza bila sauti kusikika. Kuhani Heli alimtazama, akadhani amelewa, akamkemea. Angalieni: Heli aliona kweli. Midomo ilicheza, sauti haikusikika. Alama hazikuwa za uwongo. Maana aliyozitia ndiyo iliyokuwa ya uwongo. Anna akamjibu kwa heshima ya kuwa hakunywa divai, bali alikuwa akimmiminia Bwana huzuni yake. Na sifa ya Heli ni hii: alisikiliza, akaliacha neno lake la kwanza, akambariki. Mzee yule hakuona haya kugeuza hukumu yake.

Habari ya pili ni kubwa zaidi, nayo imo katika Kitabu cha Yosue, sura ya 22. Wana wa Rubeni, wana wa Gadi na nusu ya kabila la Manase walikuwa wakirudi makwao ng'ambo ya Yordani baada ya vita. Walipofika kando ya mto, walijenga altare kubwa yenye kuonekana kwa mbali. Makabila mengine waliposikia, walidhani ndugu zao wamemwasi Mungu na kujitengenezea ibada yao wenyewe. Wakakusanyika Silo tayari kwenda kuwapiga.

Lakini kabla ya kupanda kwenda vitani, walimtuma Finees, mwana wa kuhani Eleazari, pamoja na wakubwa kumi, mmoja kwa kila kabila. Maneno ya kwanza ya wajumbe hao yalikuwa makali, ya lawama tupu. Hata hivyo walingoja jibu. Na jibu lilikuwa la ajabu: altare ile haikuwa ya sadaka hata kidogo. Ilikuwa ya ushahidi. Watu wa ng'ambo waliogopa ya kuwa siku moja wana wa upande huu watawaambia wana wao, "Ninyi hamna sehemu pamoja nasi kwa Mungu wetu." Kwa hiyo walijenga alama ya kukumbusha ya kuwa wao pia ni wa Bwana.

Tafakarini neno hili. Kile kilichodhaniwa kuwa uasi kilikuwa kilio cha watu wanaoogopa kutengwa. Finees na wenzake waliridhika, wakarudi na habari, na vita vikaachwa. Watu kumi na mmoja waliotumwa waliokoa makabila yote. Kama wasingetumwa, ndugu wangewaua ndugu kwa ajili ya altare ambayo maana yake hawakuijua.

IV. KATIKA NCHI YETU

Wasomaji wa Manono, Nyunzu, Kabalo na Kalemie hawahitaji nieleze sana kwa nini habari ya Yordani yatugusa. Tangu mwaka 2013 Waluba na Watwa walianza kuuana. Tarehe 30 Aprili 2015 kambi ya Watwa waliokimbilia Nyunzu ilishambuliwa, watu wasiopungua 30 wakauawa. Nao Waluba wengi walichomewa vijiji, wakauawa kwa mishale, wakafukuzwa mashambani. Mwaka 2016 ugomvi juu ya ushuru uliotozwa viwavi vya mwituni uliwasha moto upya. Kufikia mwaka 2017 watu zaidi ya nusu milioni katika Jimbo la Tanganyika walikuwa wamekimbia makao yao.

Sitasema ya kuwa vita hivyo vilitoka katika dhana tu. Mlikuwa na sababu za kweli: ardhi, ujira mdogo wa kazi ya mashambani, ushuru, ndoa zilizokataliwa, na Watwa kutowekwa katika mabaraza ya wakubwa. Asiyeyataja hayo afundisha nusu ya kweli. Lakini sababu hizo zilikuwako tangu zamani, na watu waliishi jirani, wakibadilishana nyama na asali kwa mihogo na mahindi. Dhana ndiyo iliyozidisha ubaya. Mtu akipita na upinde kwenda kuwinda, alama ile ile ya kila siku ilitiwa maana mpya: "Anakuja kutuua." Vijana wakikutana chini ya mwembe, ilisemwa, "Wanafanya shauri juu yetu." Kila upande uliona alama, na hakuna aliyetumwa kuuliza.

Ndiyo sababu amani ilipotafutwa, njia iliyotumiwa ilikuwa kuwakalisha watu pamoja. Mwezi wa Februari 2017 mlikuwa na mkutano mkubwa wa jamaa hizo mbili mjini Kalemie, na katika vijiji vingi yaliundwa mabaraza ambamo Waluba na Watwa huketi pamoja kusikiliza magomvi kabla hayajawa vita. Baraza la namna hiyo ni Finees na wenzake kumi. Kazi yake ya kwanza si kuhukumu, bali kuuliza, "Jambo hili maana yake nini kwenu?"

Tena mwezi wa Julai 2022 nchi yetu ilipata sheria ya kulinda na kukuza haki za Watwa na ndugu zao wa asili moja. Sheria yaweza kumfungulia mtoto mlango wa shule. Lakini namna atakavyotazamwa akiisha kuingia, hiyo ni kazi ya mwalimu.

V. MAFUNDISHO YA KANISA

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotangazwa mwaka 1992, inaeleza katika nambari 2477 na 2478 ya kuwa ni kosa kuyakubali kimoyomoyo mabaya ya jirani bila msingi wa kutosha. Inatutaka tuyafasiri kwa wema, kadiri iwezekanavyo, mawazo, maneno na matendo ya wengine. Hapo yatumika shauri la Mtakatifu Inyasi wa Loyola: Mkristo awe mwepesi wa kuyaokoa maneno ya mwenzake kuliko kuyalaumu. Asipoweza, na amwulize mwenzake anayaelewaje. Na ikiwa kweli anayaelewa vibaya, amrekebishe kwa upendo.

Tuangalie utaratibu huo: kwanza wema, pili swali, tatu kurekebisha. Sisi twapenda kuanza na la tatu.

Katika Katanga tulipata mfano wa mtu aliyejifunza utaratibu huo akiwa amekwisha kuwa padri. Ndiye Padri Placide Tempels, Mfransisko wa Ubelgiji, aliyefika Kongo mwaka 1933 na kuishi miaka mingi kati ya Waluba. Yeye mwenyewe alieleza baadaye ya kuwa mwanzoni alikuja kama bwana mwenye kufundisha, akihesabu ya kuwa wasikilizaji wake hawana la kumwambia. Kisha akaanza kuwauliza watu wao ni nani na wanatamani nini katika maisha. Kutokana na kusikiliza kwake kilitoka kitabu juu ya falsafa ya Wabantu, kilichochapwa mwaka 1945 mjini Elisabethville, ambao leo ni Lubumbashi. Wasomi wa Kiafrika wamekipima kitabu hicho, na wengine wamekikosoa. Nao walikuwa na haki, maana hata asikilizaye kwa bidii aweza kumweka mwenzake katika kisanduku cha maneno yake mwenyewe. Lakini katika kuonana huko likaanza, katika miaka ya 1950, kundi la Wakristo liitwalo Jamaa. Jina hilo latufundisha: watu huwa jamaa wanapokutana kweli, si wanapotazamana tu.

VI. MAMBO MANNE YA KUSHIKA

1. Tenga alama na maana. Sema moyoni, "Nimeona uso uliogeuka." Usiseme, "Nimeona kiburi." Kiburi hakionekani kwa macho.

2. Tafuta maana ya pili na ya tatu. Mtoto asiyekutazama labda aogopa, labda aheshimu, maana kwetu mtoto huinamisha macho mbele ya mkubwa. Labda ni mgonjwa, labda ana njaa. Ukiwa na maana moja tu, umekwisha kuwa hakimu. Ukiwa nazo tatu, itakubidi uulize.

3. Uliza faraghani na kwa sauti ya kawaida. Swali linaloulizwa mbele ya wenye kucheka si swali, ni adhabu.

4. Ukikosea, tengeneza hadharani yale uliyoyaharibu hadharani. Niliporudi na yule bibi kumchukua mtoto, nilisema mbele ya darasa lote ya kuwa mwalimu alikosea. Niliogopa ya kuwa watanidharau. Hawakunidharau.

Lakini msifikiri ya kuwa kuuliza ni kufumba macho mbele ya uovu. Wako wenye kudanganya, wako wenye kuua. Mwizi aliyeshikwa na mali ya watu ahukumiwe kwa haki. Tunalokatazwa ni kumhukumu mtu kwa jambo ambalo hatukulipima, na kumtoza mtoto deni la kabila lake.

VII. KWA MWALIMU

Mwite mwanafunzi mmoja mbele, umnong'oneze jambo la kufanya kimya: ashike tama, au atazame mlangoni, au akunje uso. Waulize wengine waandike maana yake. Zisomwe maana zote, halafu yeye mwenyewe aeleze. Watoto watacheka watakapoona wamekosea. Hapo ndipo uwaambie habari ya Anna na Heli, nao hawataisahau.

Maswali: (a) Heli aliona nini kwa macho, na alidhani nini moyoni? (b) Kwa nini makabila ya ng'ambo ya Yordani walijenga altare? (c) Taja siku uliyodhaniwa vibaya. Ulitamani mtu akuulize nini? (d) Yuko nani katika darasa au mtaa wetu ambaye husemwa sana wala haulizwi?

Azimio: Juma hili nitamwendea mtu mmoja niliyemhukumu bila kumwuliza, nami nitamwuliza.

Nimalize na salamu ya kwetu. Tunapojibu "Eyo vidye," neno hilo la mwisho ni neno la heshima kuu, hata kwa Mungu mwenyewe twalitumia. Yule bibi wa Kitwa aliniamkia kwa magoti, nami nilimjibu neno hilo bila kumpa heshima iliyomo ndani yake. Tangu siku ile nikilitamka, najitahidi kulimaanisha. Mtoto yule alikaa benchi la mbele, upande wa kushoto kwa wanafunzi, karibu na dirisha, ili sikio lake la kulia linielekee mimi. Hakuhitaji tena kugeuza uso.

Tusali: Ee Bwana, wewe uijuaye mioyo, utuzuie tusiihukumu tusiyoijua. Utupe ulimi wa kuuliza na sikio la kungoja jibu. Amina.